Nyumba iko kwenye kihamba cha baba mkwe, kiwanja kina hati ya mume: dada anapata nini?

NdiziMshale: Wakuu, shikamooni. Naomba ushauri kwa ajili ya dada mmoja hapa Moshi. Ndoa ya kanisani, miaka 14, watoto watatu. Mume anataka waachane, kamwambia aondoke na nguo zake tu. Kuna nyumba kwenye kihamba (shamba la ukoo la Kichaga) cha baba mkwe Kibosho, na kiwanja Pasua chenye hati ya jina la mume. Dada hajawahi kuajiriwa. Amelea watoto, migomba na ng'ombe wa ndani. Aanzie wapi?

Mzee wa Kiboriloni: Marahaba. Aanzie baraza la usuluhishi wa ndoa la kata. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, Fomu Na. 3, na hati hiyo isiwe imepita miezi sita siku anapofungua shauri. Hapa wengi wanaumia: wanapeleka barua ya mwenyekiti wa mtaa, shauri linakwenda mpaka hukumu, kisha kwenye rufaa linafutwa lote. Aikague palepale: majina ya wote wawili, muhuri, na maneno kwamba usuluhishi umeshindikana. Mahakama ya Mwanzo inatosha. Aombe talaka na mgawanyo kwa pamoja, maana mali haigawanywi kabla ya amri ya talaka au utengano.

Sura29: Jina kwenye hati lisimtishe. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinachukulia mali ni ya aliyeandikwa, lakini ushahidi unaweza kulipindua hilo. Kifungu cha 114 kinatazama mchango wa fedha, mali au kazi, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani inazihesabu kazi za nyumbani kuwa mchango. Ila asiahidiwe nusu kwa nusu. Bi Hawa mwenyewe alishinda hoja, mgawo akakosa, kwa kuwa mume alishampa fedha za biashara naye akazitapanya.

MamaKahawa: Kazi kubwa iko kwenye kihamba. Kama baba mkwe hajamkabidhi mwanawe, ardhi ile si ya mume na mahakama haiwezi kuigawa. Adai thamani ya nyumba, na mthamini aliyesajiliwa aitenganishe na ardhi. Kama alishamkabidhi, kifungu cha 114(3) kinagusa hata mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mke au na wote wawili.

Na jamani, kusema "tulichuma wote" hakutoshi! Aseme mwaka gani aliuza ndama, bati ngapi zikanunuliwa, fundi nani aliezeka. Fundi huyo aje kutoa ushahidi. Risiti za saruji, miamala ya simu, daftari la vikoba, vyote aviweke pamoja.

NdiziMshale: Asanteni sana. Tumesikia kiwanja cha Pasua kinatafutiwa mnunuzi.

Sura29: Basi hilo litangulie, hata kabla ya baraza. Aweke zuio kwa Msajili wa Hati, yaani tahadhari kwenye rejista ya ardhi kwamba naye ana madai, pamoja na kiapo kinachoeleza maslahi yake. Namba ya hati inahitajika, kwa hiyo aipige picha leo kama bado iko nyumbani. Nakala aipeleke ofisi ya mtaa, mauziano mengi hupitia pale. Shauri likifunguliwa, aombe na zuio la muda la mahakama.