Kiongozi mkubwa wa Kuba: mimi namtaja Antonio Maceo, si Fidel wala Che

Wakuu, kila tukigusa viongozi wa Kuba majina yanaishia mawili: Fidel na Che. Sababu naijua. Mwaka 1965 Che alipitia Dar es Salaam na Kigoma, akavuka ziwa kwenda kupigana Kongo, na wanajeshi wa Fidel walimwaga damu Angola. Hayo siyabezi hata kidogo. Ila kwangu aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni Antonio Maceo, jenerali wa vita vya uhuru wa Kuba dhidi ya Hispania.

Vita ya kwanza ya uhuru ilianza 1868, pale Carlos Manuel de Céspedes, mwenye shamba la miwa, alipowaachia huru watumwa wake na kuwaita wapigane pamoja naye. Baada ya miaka 10 viongozi wengi walichoka, wakafunga amani na Hispania kule Zanjón, Februari 1878. Nchi haikupewa uhuru. Watumwa waliofunguliwa ni wale tu waliokuwa jeshini na waasi. Aliyebaki shambani akikata miwa alibaki mali ya bwana wake.

Maceo, mtu mweusi wa mashariki ya kisiwa, mtoto wa Mariana Grajales, alikutana na Jenerali Martínez Campos wa Hispania penye miembe ya Baraguá tarehe 15 Machi. Jenerali alitaka kumsomea mkataba. Maceo akakataa hata kusomewa. Bila uhuru wa nchi na bila kufuta utumwa, hakuna amani! Wakakubaliana siku 8, kisha risasi zianze tena.

Mtasema alishindwa, na kweli Mei alikuwa ameshaondoka kwenda Jamaika. Lakini utumwa ulipofutwa 1886, watu walikumbuka nani alikataa kuuacha uendelee. Mwaka 1895 vita ilipoanza upya akarudi, Oktoba akaanza safari kutoka mashariki, na ndani ya miezi 3 akaifikisha vita Mantua, ncha ya magharibi kabisa. Aliuawa Desemba 1896.

José Martí, mwandishi na mpigania uhuru, alifanya kazi kubwa kuwaunganisha Wakuba waliokuwa ughaibuni, hilo sibishi. Fidel naye, kampeni ya kusoma na kuandika ya 1961 ni yake. Lakini alitawala karibu nusu karne bila kuruhusu chama pinzani kishindane naye, na hilo nalo lihesabiwe.

Linaloniuma ni la 1912, Kuba ikiwa imeshakuwa jamhuri huru. Weusi waliopigania uhuru, akiwemo Evaristo Estenoz, walikuwa wameanzisha chama chao mwaka 1908 kudai haki. Kikapigwa marufuku, na walipoinuka jeshi la jamhuri likaua maelfu. Miaka 4 baadaye jamhuri hiyohiyo ikazindua sanamu kubwa ya Maceo pale Havana, ufukweni. Walimheshimu kwa sanamu ya shaba, watu wake wakawazika.

Haya, mnaosimama na Martí au Fidel, nijibuni: katika suala la mtu mweusi Kuba, nani kati yao aling'ang'ania msimamo wakati wenzake wengi wameshaweka silaha chini?