ĩ na ũ za Kikuyu kwenye kompyuta: njia ipi haichoshi?

mchapaji254: Wakuu, nina kitabu kizima cha Kikuyu cha kuchapa kwa Windows 11. Nimeweka mpangilio wa kibodi wa US-International, lakini nikibonyeza ~ kisha u napata ~u. Nakosea wapi?

fundi_herufi: Hukosei. Mpangilio huo kwenye Windows unaweka ~ juu ya a, n na o tu. I na u hazimo. Ndani ya Word andika 0169 (msimbo wa Unicode wa herufi hiyo) kisha Alt+X upate ũ. Ĩ ni 0129. Kubwa: 0168 na 0128.

Kibodi_Kuu: Alt+X ina mtego. Kwenye "mbũri" ukiandika mb0169, Word inaimeza ile b kama sehemu ya namba, maana a hadi f ni tarakimu za heksadesimali (namba za msingi wa 16). Andika mbU+0169 ndipo ubonyeze. Kwa kitabu kizima, hiyo ni adhabu.

Tumia Microsoft Keyboard Layout Creator 1.4, programu ya kutengeneza mpangilio wako wa kibodi, ni ya bure. Fungua mpangilio wa US uliopo, weka tiki kwenye Alt+Ctrl (AltGr), bofya u uweke U+0169, i uweke U+0129. Ongeza tiki ya Shift kwa herufi kubwa. Hapo ndipo wengi husahau. Jina la mradi lisizidi herufi 8. Jenga, endesha setup, kisha toka kwenye akaunti uingie upya. Baada ya hapo ni Alt ya kulia + u, basi.

pwani_dev: AutoHotkey v2, programu ya kupa vitufe kazi mpya, ni haraka zaidi, mistari miwili:

>!u::Send "ũ"
>!i::Send "ĩ"

Kubwa ni >!+u na >!+i. Ila haitafanya kazi kwenye dirisha lililofunguliwa kama msimamizi (administrator), mpaka nayo uiendeshe hivyo hivyo. Kwa kompyuta ya ofisini isiyokuruhusu kusakinisha mpangilio, ningeanza na hii.

mama_linux: Huku kwetu kwenye Linux Kikuyu kimo tayari:

setxkbmap -layout ke -variant kik

Kwenye Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha ya Linux) amri hiyo haishiki vizuri; ongeza mpangilio kupitia mipangilio ya kibodi.

fundi_herufi: Na msichanganye ũ ya msimbo mmoja na u iliyopachikwa alama ya ~ ya pembeni (U+0303). Kwa macho ni zilezile, lakini kuna programu ambazo ukitafuta "mũtĩ" zitaruka nusu ya maneno. û nayo ni herufi nyingine kabisa.

mchapaji254: Nachukua ya Kibodi_Kuu. Na kama kuna programu inayotumia Ctrl+Alt+I kama njia ya mkato je?

Kibodi_Kuu: Itagongana, Windows inaona AltGr ni Ctrl+Alt. Badilisha hiyo njia ya mkato.