Naombeni ushauri: nimeandika kuhusu mikopo ya simu, bosi anataka nifute

Kalamu ya Posta (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni wakili hapa Dar, mwaka wa sita sasa. Sisimami sana mahakamani. Kazi yangu ni mikataba, kampuni kuuziana hisa, kuhangaika na mfumo wa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), na kupekua makabrasha ya kampuni inayotaka kununuliwa mpaka macho yanavimba. Usiku watoto wakilala naandika kuhusu sheria na teknolojia, kwa Kiswahili. Nilianza 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika, maana kila uchambuzi niliokutana nao ulikuwa wa Kiingereza, na anayechukuliwa namba zake ni mama ntilie.

Mwezi uliopita nikaandika juu ya programu za mikopo, hizi kausha damu. Hoja yangu ilikuwa moja. Unapokopa na kukubali programu isome majina yote yaliyomo kwenye simu yako, umejikubalia wewe tu. Shangazi yako aliyemo humo hajakopa wala hajaulizwa. Ridhaa yake iko wapi? Makala ikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Jumatatu mwenye ofisi akaniita: mteja wetu mmoja yumo kwenye biashara hiyo na amekasirika. Sikumtaja yeye wala mtu yeyote. Nimeambiwa nifute, "halafu tutaongea kuhusu huko kuandika kwako."

Nifute? Niendelee kwa jina la bandia? Au nianze kutafuta kazi? Nina mkopo wa nyumba, msinichekeshe.

Mtu wa Mbagala

Wakili wa kupinga mikopo ana mkopo. Futa dada, utaandika ukimaliza marejesho.

Binti Pangani

Asifute! Mimi nilikopa elfu 80, nikachelewa siku nne. Meseji zikaenda kwa mama mkwe, kwa mwalimu wa mwanangu, mpaka kwa fundi friji niliyempigia mara moja tu miaka hiyo. "Huyu ni tapeli, mwambieni alipe." Mama mkwe akalipa kimya kimya. Mpaka leo tukikaa sebuleni hatuligusi hilo jambo. Hiyo makala nilitumiwa na dada wa saluni, nikaisoma mara mbili. Sikujua kama fundi friji naye ana haki ya kulalamika.

Mzee wa Majalada

Wakili msomi, salaam. Nimeivaa hiyo joho miaka mingi, niruhusu niseme bila kuzunguka. Wenzangu humu wanalifanya suala la ushujaa. Suala ni mgongano wa maslahi, na siri ya mteja. Rudi uisome makala yako sentensi kwa sentensi, ujiulize kila moja uliitoa wapi. Iliyotoka kwenye sheria au gazetini ni yako. Iliyotoka kwenye jalada la mteja, hata kama hukutaja jina, si yako, na hiyo uiondoe leo kabla hujalala.

Pili, toa mkataba wako wa ajira kabatini. Wanasheria tunasoma mikataba ya watu wote isipokuwa ya kwetu. Angalia unasemaje kuhusu kuandika nje ya kazi.

Jina la bandia usijidanganye. Mawakili wa kampuni mjini hapa tunajuana, wiki haiishi utatajwa. Na kama umeweka namba ya ofisi chini ya makala, toa. Kanuni zetu za maadili haziko upande wa wakili anayejitangaza.

Fundi Kodi

Mimi ni mtu wa programu. Dada uliandika kwamba programu "zinaiba" namba. Haziibi, mtu kabonyeza "ruhusu". Simu imeruhusu, sheria haijaruhusu, na hapo ndipo hoja yako ingekuwa kali zaidi. Ongeza na hili: tangu Mei 2023 Google imezuia programu za mikopo binafsi zilizoko Play Store kugusa majina na picha. Kwa hiyo ukitumiwa kiungo cha kupakua programu ya mkopo nje ya Play Store, jiulize kwa nini.

Mtu wa Mbagala

Si aiambie akili mnemba imwandikie, akibanwa aseme si yeye 😂

Mzee wa Majalada

Kijana, 2023 mawakili wawili New York walipeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Wao na ofisi yao wakapigwa faini ya dola 5,000. Jaji hakutaka kusikia nani kaandika.

Mkaazi wa Ruiru

Huku Kenya sheria yetu ya taarifa binafsi ni ya 2019 na Kamishna anayeisimamia ameanza kuuma. 2023 kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa karibu milioni tatu za huku kwa mchezo huo huo wa kusumbua watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Nanyi Benki Kuu yenu si ilitoa orodha ya programu 69 zisizo na leseni, Novemba 2024? Ningekuwa wewe ningeingia kwa bosi na hizo habari mbili mkononi. Mteja anayekasirikia makala leo ndiye atakayewalipa kesho mumtetee.

Kalamu ya Posta

Asanteni wote. Binti Pangani, pole sana. Fundi friji anaweza kupeleka malalamiko yake Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yeye mwenyewe, bila kukusubiri wewe. Fundi Kodi, umenikamata, narekebisha.

Mzee, nimefanya ulivyosema. Aya ya tano nilieleza meseji zinavyopangwa kutumwa alfajiri, kabla watu hawajatoka kwenda kazini. Nilikuwa na uhakika niliisoma mahali. Nimetafuta saa mbili. Sikuisoma popote, niliiona kwenye jalada.

Mtu wa Mbagala

Kwa hiyo unafuta au hufuti?

Kalamu ya Posta

Hiyo aya nimeshaifuta. Iliyobaki nimeichapa kwenye karatasi, kesho saa tatu naingia nayo kwa bosi. Mkataba wangu bado sijauona, nadhani uko kwa mama Tabata.