Eti Savimbi na wenzake walipatana hapa hapa Mombasa?

MtotoWaKibokoni: Salaam wadau. Jana barazani kuna mzee alikuwa atupigia stori, akasema wale wakuu watatu wa Angola, Neto, Savimbi na Holden Roberto, waliletwa hapa Mombasa wakapatanishwa na Mzee Kenyatta kabla Mreno hajatoka kwao. Vijana wakamcheka, na mie nikacheka pia. Sasa nauliza, ni kweli ama katuchanganyia? Na kama walipatana kwetu mbona wakapigana miaka 27? Mie nlijua ni Marekani na Urusi tu waliowagombanisha.

KahawaTungu: Kamwombeni mzee radhi. Januari 1975 walikuwa hapa, tarehe 5 wakatia saini kwamba MPLA ya Neto, FNLA ya Roberto na UNITA ya Savimbi wanatambuana na wataenda kwa Mreno na neno moja. Siku kumi baadae wakasaini na Mreno kule kwake Alvor, Ureno, uhuru ukapangwa Novemba 11. Lakini mwezi huo huo Marekani ikapitisha dola 300,000 za kumpa Roberto kichinichini, na silaha za Mrusi zikawa zaingia kwa Neto. Mwezi wa 3 watu washauana Luanda, mji mkuu wao. Juni Mzee Kenyatta akawaita tena, mara hii Nakuru, wakasaini tena hao, na Julai MPLA ikamfurusha FNLA Luanda yote. Saini walikuwa nazo nyingi wallahi.

Shangazi_Likoni: Na hiyo siku ya uhuru yenyewe ilikuwa vituko. Roberto yuaja kutoka kaskazini na askari wa Mobutu wa Zaire, Makaburu wapanda kutoka kusini, Wacuba wako na Neto. Siku moja kabla ya uhuru FNLA ikapigwa Quifangondo, hapo mlangoni mwa Luanda, na maroketi ya Mrusi, ikawa basi tena haikuinuka. Lakini kinachonishangaza mie ni Cabinda, lile jimbo lao la mafuta. Kampuni ya Marekani yachimba mafuta, yailipa serikali ya MPLA, serikali yanunua silaha kwa Mrusi, na wanaolinda visima vya huyo Mmarekani ni askari wa Castro!! Halafu 1985 wanaokamatwa wakija kulipua matangi ya mafuta hayo ni makomando wa Afrika Kusini, ambao ndo upande mmoja na Marekani kwa Savimbi. Sasa hapo nani adui wa nani? Mie niliposoma hiyo nilifunga simu nikaenda kupika.

Mzee_wa_Feri: Shangazi hapo umesema, lakini mie sikubali wale watatu watolewe lawama hivi hivi. Savimbi alikuwa na Roberto, wakakosana akatoka 1964, UNITA kaianzisha 1966, Mrusi wala Mmarekani hajawaambia wagombane. Huyo bwana alianza kwa Wachina, akahamia kwa Makaburu, na 1986 Reagan kampokea Ikulu yao, yani kila tajiri alimpata. Haya, 1991 Wacuba wa mwisho wameondoka, Urusi hiyo yavunjika, 1992 kura zikapigwa, kapata kama asilimia 40, akasema kaibiwa, akarudi msituni. Hapo nani kamchochea? Alikuwa na almasi zake, serikali ina mafuta yake, hawakumhitaji mtu tena. Ikaendelea mpaka Februari 2002 alipouawa Moxico, mashariki mwa Angola, na Aprili 4 wakasaini amani. Wiki sita tu! Sasa niambieni hiyo vita ilikuwa ya nani.

KahawaTungu: Mzee wa Feri sikatai, lakini lile jeshi la kurudi nalo msituni 1992 lililishwa na nani miaka yote ile? Yale makombora ya Mmarekani, Stinger, hayaoti mbugani. Na mabomu ya ardhini watu wayakanyaga hata baada ya hao wote kwenda zao.

MtotoWaKibokoni: Shukran nyote. Nimetoka kwa mzee saa hii, nimempelekea halua na kahawa, nikamwambia maneno yako ni kweli tumekuta. Hakunijibu kitu, kala halua yake taratibu, kisha akaniuliza, "Na ya Nakuru mwaijua?"