Landlodi kakata dipositi yote ya duka, Malindi

Jamani naombeni ushauri. Nilikodi duka la vitenge hapa Malindi miaka 3, dipositi elfu 60, nimetoka mwezi uliopita funguo nimempa mkononi, sasa landlodi aniambia pesa yote imeisha kwa ripea eti plasta ya nyuma yabambuka na shata ina kutu. Kutu si ya upepo wa bahari hiyo? Risiti ya fundi hana, kaniandikia tu kwa karatasi ya daftari.

— Pole dadangu. Ulipiga picha ulipoingia? Mimi hupiga mpaka misumari.

— Uchakavu wa kawaida si wa mpangaji, labda mkataba useme vyengine. Ila kama ulitoboa ukuta kuweka rafu, hilo lako. Mdai hesabu na risiti kwa maandishi, akikataa kuna Mahakama ya Madai Madogo, hupokea kesi mpaka shilingi milioni 1 na wakili si lazima.

— Rafu kweli nilitoboa, matundu 6, hayo nitalipa. Lakini plasta ilikuwa yatoa chumvi hata sijaingia, nikatundika kalenda kuficha 😂

— We nawe, kalenda usiitaje huko kortini