Pikipiki CRF250X ya mchangani: kadi na namba ya Zanzibar (Z) vipi?

Karafuu250
Assalaam alaykum. Kuna pikipiki Honda CRF250X inauzwa Chake, Pemba, imetoka Marekani, haijasajiliwa. Ina taa ya mbele na ya nyuma basi. Haina indiketa, honi wala taa ya breki. Nianzie wapi?

Mzee wa Makaratasi
Waalaykum salaam. Karatasi kwanza sheikh, spana baadaye. Muuzaji akupe hati ya forodha yenye ushuru uliolipwa, ankra na mkataba wa mauziano. Karatasi ya Marekani inayosema ni ya nje ya barabara si kadi. Kisha pinda usukani kushoto, usome namba ya chesisi kulia mwa shingo ya fremu: herufi na tarakimu 17. Isafishe kwa brashi na mafuta ya taa. Msasa usiuguse, namba iliyokwaruzwa inazua maswali. Linganisha na hati moja moja. Namba hizi hazina I, O wala Q, kwa hiyo ukiona O kwenye hati, karani kachanganya na sifuri. Irekebishwe forodhani kabla hujapeleka ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar).

Waya Mwekundu
Afadhali ni X. CRF250R, ndugu yake wa mashindano, koili yake haikuundiwa taa, hazina pa kula. Indiketa na honi zitoe kwenye betri, fyuzi ampea 5, usidandie waya wa taa kubwa bila kuupima: ukiwa wa AC (umeme geu, si wa betri) utaunguza. Tumia LED na flasha (kipepesa indiketa) ya elektroniki. Ya kawaida itapepesa mbio kwa sababu mzigo ni mdogo. Wanaotia rizista kuongeza mzigo wanakula umeme uleule waliouokoa.

Taa ya breki, upande wa mbele: swichi ya presha inakaa badala ya ile bolti yenye tundu inayobana paipu kwenye masta (pampu ya breki pale mkononi). Hapa ndipo watu huharibu. Honda ni M10 yenye uzi 1.25; ukilazimisha ya 1.0 masta imekwenda. Weka washa (pete) mbili mpya za shaba, mafuta ya breki DOT 4, kisha toa upepo kwenye paipu. Nyuma swichi ya springi, iwake kabla breki haijashika.

Karafuu250
Tairi je? Zina kashata kubwa.

Waya Mwekundu
Soma ubavuni. Zilizoandikwa si za barabarani, badilisha. Lami ikirowa zinateleza. Ukibadili taa kubwa, isiwe ya nchi zinazopita kulia, itawamulika wanaokuja.

Mzee wa Makaratasi
Na bima, japo ya mtu wa tatu.