Tupeane uzoefu: antivairasi gani umeweka kwenye kompyuta ya nyumbani, na imekusaidia? (Dodoma na wilaya zake)

Mleta mada, Ilazo

Mbukwenyi wakuu, poleni na jua. Naomba tupeane uzoefu wa antivairasi za nyumbani, za ofisini tuziache maana kule kuna watu wa IT wanalipwa kwa kazi hiyo, mimi naongelea ile kompyuta moja ya sebuleni inayotumiwa na kila mtu.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, nikampa flashi akaprinti notisi za baiolojia steshenari, jioni akaichomeka kwenye desktopu yetu. Kesho yake naweka ileile flashi nipige mahesabu ya kikoba (mimi ndo mweka hazina, tuko akina mama 22) nakuta kila folda ina kimshale kidogo pale kwenye kona. Nikibofya ile ya KIKOBA kinatokea kidirisha cheusi, kufumba na kufumbua hakipo, na folda haifunguki. Humo kuna hisa na mikopo ya watu ya miaka minne. Miguu iliniisha nguvu kabisa. Fundi wa kwanza akasema data zimeshaenda, flashi ifomatiwe na kompyuta ipigwe windo upya kwa elfu 30, roho ikakataa. Kijana wa jirani akaja akaandika mstari mmoja tu folda zote zikarudi, nilimkumbatia yule mtoto.

Sasa duka moja hapa mjini wananiuzia antivairasi ya mwaka mmoja kwa elfu 45, wanasema bila hiyo yatajirudia. Ninunue? Aliyewahi kuumizwa au kuokolewa aeleze ilikuwaje, jina la programu peke yake halitanisaidia.

Mwenye steshenari, Makulu

Pole sana dada. Mimi nipo jirani na UDOM, kwa siku flashi zaidi ya 20 zinapita kwenye mashine yangu, kwa hiyo hao wadudu nimeishi nao miaka mingi. Kwanza elewa kilichotokea: yule kirusi hakufuta kitu. Anazificha folda zako za kweli, anazipa alama ya "iliyofichwa" na "ya mfumo" ili usizione, halafu anatengeneza vimshale vyenye majina yaleyale. Ukibofya kimshale unamwamsha yeye, ndo kile kidirisha cheusi ulichoona. Kwa hiyo watu wanafomati flashi yenye vitu vyao vyote ndani, na hiyo inaniuma kila nikiisikia.

Kijana wako bila shaka aliandika hii kwenye dirisha la amri (cmd), kila mtu aihifadhi, herufi E ubadilishe iwe ile ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ila skani kwanza, na skani kompyuta pamoja na flashi, maana ukisafisha flashi na kompyuta bado inaumwa, ukiichomeka tu vimshale hivyo vimerudi. Ukimaliza futa vimshale vyote.

Antivairasi ninayotumia dukani ni ileile iliyokuja na Windows, Microsoft Defender. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 imo ndani, hulipii. Mara moja kwa wiki nashusha Malwarebytes ya bure nayo naskania tu, jicho la pili. Miaka ya nyuma nilikuwa na Smadav ya Waindonesia, wenye steshenari wengi tuliipenda kwa ajili ya flashi, lakini Windows ya sasa nimeona Defender inawakamata hao hao ikiwa imeapdetiwa. Hiyo "ikiwa imeapdetiwa" uisome mara mbili, maana dukani kwangu wanaletwa wagonjwa ambao Defender yao ina miezi minane haijagusa intaneti kwa kuogopa bando.

Na akina mama, mtoto akienda kuprinti mtumieni mwenye duka PDF kwa WhatsApp. Flashi ibaki nyumbani.

Mwalimu, Kongwa

Mimi naandika hii nikiwa bado na uchungu na ni mwaka wa pili sasa. Nilinunua laptopu yangu mpya, nikalipia na antivairasi kabisa, ya hela, leseni halali. Nikampelekea fundi aniwekee Office maana sikuwa na hela ya kununua ya halali, akaweka ya krak, yaani ya wizi iliyovunjwa leseni. Krak ikawa inagoma kuingia, akaniambia mwalimu hii antivairasi yako inasumbua ngoja tuizime kidogo, nikamwambia zima. Nimesimama palepale naangalia.

Asubuhi nafungua nakuta kila faili limeongezewa herufi nne nisizozijua mwishoni, mitihani, skimu za kazi, picha, hakuna linalofunguka. Kila folda ina kijikaratasi kinaitwa _readme.txt, nimekisoma hadi nimekikariri: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 ni dola 490. Mshahara wangu mnaujua.

Baadaye nikaja kuelewa virusi hawa wanaitwa STOP/Djvu na njia yao kubwa ni hizohizo krak na vile vifaa vya kuamshia Windows bure. Kuna kampuni inaitwa Emsisoft ilitoa kifaa cha kufungulia cha bure, kinafanya kazi kama kirusi alifunga mafaili kwa ufunguo wa akiba kwa sababu hakufika kwenye seva ya wezi wenyewe. Kama alikuwa na mtandao ufunguo wanao hao wezi tu. Mimi laptopu ilikuwa na intaneti. Mitihani nikaandika upya. Picha za mwisho za mama yangu, tulizompiga akiwa amekaa chini ya mbuyu pale nyumbani wiki tatu kabla hajafariki, hizo zimebaki humo zimefungwa hadi leo. Diski nimeitunza kabatini, siifuti, huenda siku moja ufunguo ukapatikana.

Kwa hiyo dada yangu wa Ilazo, ya elfu 45 au ya bure, fundi akikwambia izime ili kitu chake kiingie, chukua kompyuta yako uondoke. Na nunua diski ya nje, nakili mahesabu ya kikoba, chomoa uweke kabatini. Ikibaki imechomekwa nayo inafungwa pamoja na vingine.

Mtumishi, Mtumba

Pole mwalimu wangu, hiyo ya mama imenigusa sana.

Yangu ni nyepesi. Nilihamia huku na laptopu ya RAM 4GB, nikawa nimeweka antivairasi mbili nikijua ulinzi ni mara mbili. Kuwasha ilikuwa unaenda kuchemsha chai unarudi bado duara linazunguka. Kumbe zinakabana, hii inaona mafaili ya ile kama adui, zote zinataka kukagua kila kitu kinachofunguliwa. Nikatoa zote mbili, Defender ikajiwasha yenyewe, laptopu ikapata uhai. Ukiweka ya kampuni nyingine Defender inajiweka pembeni, ukiitoa inarudi.

Kingine, laptopu mpya nyingi zinakuja na antivairasi ya majaribio, muda ukiisha inabaki kurusha matangazo na wewe unadhani bado inalinda. Fungua Windows Security uone nani yuko zamu.

Mkulima wa zabibu, Mpunguzi

Nyumbani kwetu mtandao ni wa kusuasua na bando ni hela ya dawa ya mizabibu, nifanyeje na hizi apdeti? Halafu yangu ni Windows 7.

Mwenye steshenari, Makulu

Mkuu, faili la apdeti la Defender linashushwa peke yake kwenye tovuti ya Microsoft, linaitwa mpam-fe.exe, ni zaidi ya MB 100. Siku ukija mjini pita kwa mtu mwenye Wi-Fi, libebe, ukifika nyumbani libofye mara mbili basi. Fanya kila ukija.

Ila hiyo ni kwa wenye Windows 8 kwenda juu, Windows 7 yako ndo shida yenyewe. Microsoft waliacha kuitengenezea viraka vya kuziba matundu ya usalama Januari 2020. Kumbuka kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, kiliingia kwenye mashine kupitia tundu ambalo kiraka chake kilishatoka Machi mwaka huohuo, walioumia ni ambao hawakukiweka. Antivairasi ni mlinzi wa getini, ukuta ukiwa na tundu anapitwa nyuma. Hata Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, wengi hapa hamjui. Kama mashine inabeba Windows 11 panda, kama haibebi angalia ule mpango wao wa viraka vya mwaka mmoja wa nyongeza, unaishia Oktoba 2026. Ya kwako mkuu kwa vile haiko mtandaoni muda mwingi, adui yako mkubwa ni flashi, chunga hapo.

Mhasibu, Kisasa

Mimi nalipia na nitasema kwa nini, ili uzi usiegemee upande mmoja. Nyumbani tuna kompyuta tatu, watoto wanne, na mimi naingia benki za wateja nikiwa nyumbani. Nilitaka leseni moja ya vifaa vitatu, na sehemu ya kuona watoto wanafungua nini. Kwa familia ya hivyo hela haipotei. Kabla ya kuchagua nilisoma majaribio ya AV-TEST wa Ujerumani na AV-Comparatives wa Austria, wanapima kwa mafungu: inakamata kiasi gani, inaifanya mashine nzito kiasi gani, na inapiga kelele za uongo mara ngapi. Humo utaona Defender haiko mkiani kama wauzaji wanavyosema.

Angalizo: mwaka wa kwanza nilinunua ufunguo wa bei chee kwa muuzaji mmoja, ulifanya kazi wiki tatu ukafungiwa, kumbe aliwauzia watu wengi ufunguo uleule. Hela haikurudi.

Halafu ndani ya Defender kuna swichi ya kuzuia programu ngeni isiguse folda za nyaraka na picha. Inakuja ikiwa imezimwa, nenda kwenye ulinzi wa ransomware (virusi vya kufunga mafaili na kudai hela, kama vya mwalimu) uiwashe. Itakusumbua siku mbili tatu kukuomba ruhusa, vumilia. Mwalimu nasikitika hatukuongea mapema.

Kijana wa chuo, Nkuhungu

Vipi hizi za bure za kampuni nyingine, na Kaspersky je, nasikia imefungiwa?

Mhasibu, Kisasa

Kaspersky imezuiwa kuuzwa Marekani tangu 2024, serikali yao iliona ni hatari kwa kuwa ni kampuni ya Urusi. Amri hiyo ni ya kwao Marekani. Za bure nyingine zinafanya kazi, ila ujue zinakula wapi. Avast mwaka 2024 ilitakiwa na mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilipe dola milioni 16.5 kwa sababu taarifa za watu wanatembelea tovuti gani zilikuwa zinauzwa kupitia kampuni yake tanzu. Mimi kwa hilo tu naona mwenye Windows mpya hana haja ya kutafuta ya bure nyingine.

Mleta mada, Ilazo

Asanteni sana ndugu zangu, nimesoma yote na mwalimu nimekuombea.

Elfu 45 sijalipa. Nilifungua Windows Security, kumbe Defender ilikuwa imezimwa, na aliyeizima ni fundi aliyetuwekea Office mwaka juzi, nilitetemeka kusoma habari ya mwalimu huku naangalia hilo. Nimeiwasha, nimeapdeti kwa bando la usiku, nimeskani kompyuta nzima, imechukua karibu saa mbili, imekamata vitu sita. Office ya krak nimeitoa, kikoba tunatumia LibreOffice, ni ya bure na inafungua mafaili yetu ya zamani. Diski ya nje nimenunua kwa hela niliyotaka kulipia duka, nimeongezea kidogo. Swichi ya mhasibu nayo nimewasha.

Binti nimemfundisha ule mstari wa attrib, ameuandika nyuma ya daftari la baiolojia. Jana kaniomba tena flashi ya kwenda kuprinti, nikamwambia atume PDF kwa WhatsApp.